Ganda Kabla ya Mwanga

Binti wa kisa hiki nimemtunga; makosa yake sikuyatunga. Kila moja limewahi kufanywa na watu wenye shahada kubwa kuliko yake, kwenye maabara zenye fedha kuliko ile ninayomweka, na mengi yameandikwa kwenye majarida ya sayansi ili atakayefuata asijikwae palepale. Nimemtwisha mtu mmoja yote kwa sababu makosa yasiyo na mwenyewe hayakai kichwani.

Kwao Mafinga. Alipomaliza chuo alipata kazi Mbeya mjini, kwenye maabara ya kifua kikuu, na tangu hapo riziki yake ikawa makohozi. Asiyewahi kuingia humo hadhani kwamba kazi hiyo ina uzuri wowote, ila ina uzuri. Makohozi hupakwa kwenye slaidi, yakaachwa yakauke, kisha slaidi ikapitishwa motoni ili yashike. Humwagiwa rangi ya auramini iliyochanganywa na fenoli na kuachwa kwa dakika 20 hivi. Baada ya kusuuzwa, hufuata asidi yenye alkoholi, ambayo huvua rangi kwenye kila kitu kilichomo isipokuwa vimelea vya kifua kikuu, kwa kuwa hivyo vimezungukwa na ganda la nta, na rangi ikishazama kwenye nta haitoki kirahisi. Mwisho hutiwa potasiamu pamanganeti kwa muda mfupi, kuzima mng'ao wa takataka zilizobaki. Chini ya hadubini ya taa ya LED, vimelea huonekana kama vijiti vya kijani-njano kwenye uwanja mweusi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri hadubini za namna hii zichukue nafasi ya zile za zamani zenye taa ya zebaki. Taa hiyo ilikuwa ikichoka baada ya saa 200 hadi 300, wakati LED hupita saa 10,000 na haihitaji chumba cha giza.

Lakini auramini ina kasoro moja iliyomkera. Hufifia. Slaidi isipowekwa kwenye boksi lenye giza na kusomwa ndani ya saa 24, vijiti vinaanza kupotea, na msimamizi wa ubora anayekuja kurudia usomaji hulazimika kuipaka rangi upya. Binti akiwa anasoma shahada ya pili huku akifanya kazi, aliona hapo pana mada ya utafiti: atafute kitu kinachong'aa bila kuchoka, akifunge kwenye kingamwili inayotambua vimelea vya kifua kikuu, slaidi isomwe hata baada ya mwezi. Kitu hicho kilikuwepo tayari. Kinaitwa nukta za kwantamu.

Hapa lazima nisimamishe kisa, maana historia ya nukta hizi ndiyo yenye onyo ambalo binti aliliruka. Ni chembe za fuwele zenye upana wa nanomita chache tu, mara nyingi za kadimiamu selenaidi, na rangi yake hutegemea ukubwa wake: ndogo hutoa buluu, kubwa hutoa nyekundu. Alexei Ekimov aliziona ndani ya kioo mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Urusi ya Kisovieti. Louis Brus akaziona ndani ya kimiminika Marekani muda mfupi baadaye. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wa MIT wakapata njia ya kuzipika zikatoka zenye ukubwa sawasawa. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023. Sasa tazama kalenda. Mwanga ulijulikana tangu miaka ya 1980, na uliweza kupikwa vizuri tangu 1993, ila wanabiolojia hawakuugusa mpaka Septemba 1998, pale makundi mawili yalipochapisha kazi zao katika toleo moja la jarida la Science. Kundi moja lilizivika nukta ganda la silika. Lingine lilizivika asidi ya merkaptoasetiki. Hakuna aliyeongeza mwanga. Walichokileta ni ganda, kwa sababu nukta hutoka jikoni zikiwa na mikia ya mafuta, na ukizitia kwenye maji zinakataa kuchanganyika.

Kichupa kilichomfikia binti kupitia msimamizi wake wa nje ya nchi kilikuwa na nukta zilizo ndani ya toluini. Orodha ya muuzaji ilikuwa na safu ya ukubwa, safu ya rangi, na safu ya kile kilichovikwa juu. Alisoma mbili za kwanza.

Njia ya merkaptoasetiki ni rahisi na ya bei ndogo, nayo hunuka kama yai lililooza. Upande mmoja wa asidi hushika chembe, upande wa pili hupenda maji, na mikia ya mafuta inaondolewa. Alifanya hivyo mchana mmoja, madirisha yote yakiwa wazi, wenzake wakimlalamikia. Jioni alizima taa na kumulika kichupa kwa tochi ya urujuanimno. Maji yaliwaka rangi ya chungwa kali isiyo na mawingu. Nani asingefurahi? Alipiga picha kwa simu na kuituma kwa msimamizi, na jibu likaja usiku uleule likiwa na alama tatu za mshangao.

Kosa la kwanza lilikuwa limeshafanyika. Asidi ile haishiki chembe kwa nguvu. Hung'oka polepole, na mwanga huharakisha kung'oka kwake. Kila inapong'oka, sehemu ya chembe inabaki uchi, na chembe zilizo uchi hutafutana na kushikamana. Kichupa kinachopendeza Jumatatu kinaweza kuwa na mashapo wiki mbili baadaye. Yeye hakungoja wiki mbili. Alifunga kingamwili juu ya nukta kwa gundi ya kikemikali ambayo kila maabara ya protini inayo, akasuuza mara moja, akamwagia slaidi ya mgonjwa ambaye makohozi yake yalijulikana kuwa chanya, na akatazama. Iling'aa. Aliandika kwenye daftari: chanya.

Alialikwa kuonyesha kazi yake kwenye semina ya chuo kimoja Iringa. Basi liliondoka Mbeya alfajiri. Kichupa alikilaza kwenye kiboksi cha baridi, kikiwa kimegusana na barafu, kwa imani kwamba baridi ikizidi ni heri. Uyole, Igawa, Makambako. Kufika Mafinga mama yake alikuwa stendi na kifurushi cha viazi, wakasalimiana dirishani. Mpaka Iringa, kiasi cha kilomita 300 na ushee kutoka Mbeya, maji ndani ya kichupa yalikuwa yameganda. Maji yakiganda husukuma chumvi na chembe kwenye vijinafasi vinavyobaki, zikabanana humo, na barafu ikiyeyuka haziachani tena. Ndiyo maana vichupa vya namna hii huandikwa vitunzwe kwenye nyuzi 4, na visigandishwe.

Barafu ilipoyeyuka alimwagia slaidi nyingine palepale, na kwenye skrini ya semina picha ikawa ya kuvutia kuliko ile ya Mbeya. Mabonge ya rangi ya chungwa yalitapakaa kila upande, makubwa, yanayowaka. Wanafunzi walipiga makofi. Mhadhiri mmoja mama mtu mzima, aliyekuwa kimya muda wote, akanyoosha mkono.

"Hongera, mwanangu. Slaidi ya asiyeumwa iko wapi?"

Hakuwa nayo. Hakuwahi kuitengeneza. Mama yule hakumgombeza. Aliomba tu itengenezwe papo hapo. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akatoa mate, yakapakwa, yakakaushwa, yakapitishwa motoni, yakamwagiwa dawa ileile kwa dakika zilezile. Yaling'aa. Mtu akapendekeza kioo kitupu kabisa, kisichopakwa chochote. Kikamwagiwa, kikasuuzwa, kikawekwa chini ya hadubini, na kioo nacho kikawa na kifua kikuu.

Naomba msomaji asicheke haraka. Sehemu kubwa ya taaluma ya kuvika chembe imejengwa juu ya aibu za aina hii. Makohozi ni ute, protini, chembe za damu nyeupe, mabaki ya chakula na bakteria wa mdomoni ambao hawana hatia. Chembe yenye chaji nyingi juu yake, au yenye madoa yaliyo uchi, hugandana na chochote ilichokutana nacho, na kingamwili iliyofungwa juu yake haina la kufanya. Tena kuna jambo ambalo watafiti walianza kulitaja kwa jina mnamo 2007: chembe ya nano ikiingia kwenye damu au majimaji ya mwili, protini za humo huifunika ndani ya dakika chache tu. Ganda ulilolitengeneza linavikwa ganda lingine usilolichagua, na seli huliona hilo la juu.

Alirudi Mbeya. Kwenye maabara yake kulikuwa na mtaalamu aliyekaribia kustaafu, Mnyakyusa, ambaye wote walimwita Mzee tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu," akamjibu kwa salamu ya kwao binti, Iringa, kama kawaida yake ya kumtania. "Niambie. Wamekupiga?"

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akifuta lenzi. Alikuwa na shamba la mahindi Uyole, na msimu mmoja aliwahi kuuziwa mbegu feki: mahindi ya kawaida ya kula yaliyopakwa rangi ya waridi, yakafungwa kwenye mfuko mzuri. "Rangi ilikuwa nzuri kuliko ya mbegu halali," alisema. "Nilinunua rangi. Haikuota."

Kisha akamwambia jambo ambalo binti alilisoma chuoni na kulisahau. Hata auramini wanayoiamini haioni uhai, inaona nta. Kimelea kilichouawa na dawa kinaendelea kuwa na ganda lake la nta kwa muda, kinaendelea kushika rangi, kinaendelea kung'aa. Mgonjwa wa mwezi wa pili anaweza kutoa makohozi yenye vijiti ambavyo ukivipandikiza havikui. Mbeya wanalijua hili kwa undani kuliko miji mingi. Kituo cha hapo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio la REMoxTB, lililohusisha wagonjwa 1,931 katika nchi tisa. Matokeo yake ya 2014 yalionyesha kwamba tiba mpya ya miezi minne ilisafisha makohozi mapema kuliko ile ya miezi sita, lakini wagonjwa wengi zaidi waliugua tena. Makohozi yalitoa habari njema, mapafu hayakukubaliana nayo. Ndiyo sababu baadaye vituo kadhaa vya Afrika, Mbeya kikiwamo, vilijaribu kipimo kinachohesabu RNA ya vimelea, kwa kuwa RNA huoza upesi kimelea kikifa.

"Sasa wewe," Mzee akaendelea, "unataka kuongeza ganda lako juu ya ganda la mdudu, na hujajua lako linashika nini."

Akafungua droo na kutoa kitepe cha kupima malaria, kile kinachotumika kila zahanati. "Hii nano mnayotuletea toka chuoni, kule Kyela tunaimaliza kwa maboksi." Na ni kweli. Mstari mwekundu kwenye kitepe ni chembe za dhahabu zenye upana wa makumi ya nanomita, zilizovikwa kingamwili. Mbeya mjini kuna baridi, Kyela kando ya Ziwa Nyasa kuna joto na mbu, na kitepe hichohicho hutakiwa kiseme kweli sehemu zote mbili. Wanaokitengeneza hawaanzi na mgonjwa. Huanza na chumvi. Dhahabu iliyovikwa vizuri ukiitia sodiamu kloridi hubaki nyekundu. Iliyovikwa vibaya hugeuka zambarau kisha buluu mbele ya macho yako, kwa sababu chumvi huzima chaji iliyokuwa ikizitenganisha chembe, nazo zikakimbiliana. Ni kipimo cha dakika chache na cha bei ya bure, na kwa maoni yangu kinastahili kufundishwa kabla ya hadubini yoyote.

Binti alitia chumvi kwenye kilichobaki cha kichupa chake na kukimulika kwa tochi. Rangi ya chungwa ilishuka chini yote, juu yakabaki maji.

Sitachosha na miezi iliyofuata. Aliagiza nukta nyingine, safari hii akisoma safu ya tatu: kiini cha kadimiamu selenaidi, juu yake tabaka la zinki salfaidi linalolinda mng'ao, juu ya hilo polima, na juu kabisa nywele za PEG. PEG ni molekuli ndefu inayopenda maji kiasi kwamba protini hukosa pa kutua. Haikatai kila kitu, ila inapunguza sana. Njia hii ina ukoo mzuri: mwaka 2002 watafiti walifungia nukta ndani ya vifuko vya mafuta vyenye PEG, wakazidunga kwenye viinitete vya chura, na viinitete vikaendelea kukua huku vikiwaka. Wapo wanaopendelea silika, ambayo ni ngumu, na ambayo Tanzania tunaifahamu kwa matumizi mengine: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alibobea kwenye kemia ya silika ya nano, na kichujio chake cha maji kilimpatia Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015.

Safari hii alichuja kingamwili zilizobaki huru badala ya kusuuza mara moja. Alifunika slaidi kwanza kwa albumini ya ng'ombe, ili sehemu zenye kunata zishibe kabla nukta hazijafika. Na kwa kila slaidi ya mgonjwa alitengeneza nyingine: ya asiyeumwa, ya mgonjwa yuleyule lakini yenye nukta zisizo na kingamwili, ya mgonjwa yuleyule yenye kingamwili ya kitu kingine kisichohusika, na moja isiyotiwa chochote, kwa sababu makohozi yenyewe yana mng'ao wake wa asili. Kazi ikawa mara tano. Wenzake walimwona amechanganyikiwa.

Slaidi za asiyeumwa zilitoka nyeusi. Za mgonjwa zilikuwa na vijiti vichache, vimefifia ukilinganisha na vile alivyovizoea, na baadhi ya vijiti ambavyo auramini ilivionyesha kwenye sampuli ileile havikuonekana kabisa. Sababu si ngumu: moto unaoshikiza makohozi kwenye kioo huharibu pia protini ambazo kingamwili huzitambua, wakati nta haijali moto huo. Kwa kazi ya kila siku ya hospitali ya wilaya, rangi ya bei ndogo ilikuwa imeishinda nukta ya Nobel. Hilo aliliandika kwenye tasnifu bila kulipamba. Msimamizi wa nje alimwandikia kuuliza kama hana picha inayong'aa zaidi kwa ajili ya jalada la ripoti. Picha ya Iringa bado ilikuwa kwenye simu yake. Alituma slaidi tano, nyeusi zikiwemo, zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja.

Lilibaki wazo moja alilokuwa amelipenda tangu mwanzo: kuzitia nukta kwenye seli hai zilizomeza vimelea, atazame mapambano yanavyoendelea. Hapo Mzee hakuwa na la kusema, lakini maandiko yanalo. Mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilipima nukta za kadimiamu selenaidi kwenye seli za ini. Zilizoachwa kwenye hewa au kumulikwa kwa urujuanimno bila ganda ziliua seli, kwa kuwa kadimiamu ilikuwa ikichomoka. Tabaka la zinki salfaidi lilipunguza madhara bila kuyamaliza. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Boston walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba nukta zenye upana usiozidi nanomita 5.5 hivi hutoka kwa mkojo. Kubwa kuliko hapo hubaki mwilini. Kingamwili moja peke yake ina kama nanomita 10. Kwa hiyo anayekuja na mpango wa kuingiza chembe za namna hii kwa mgonjwa wa Mbeya au Iringa, swali la kwanza kwake liwe zitatoka mwilini kwa njia gani, na pesa za utafiti liwe la pili. Wapo wanaotafuta njia kwa chembe za silika zisizo na kadimiamu, ndogo kiasi cha kupita figo, na kundi moja la Marekani lilikwishapata ruhusa ya kuzijaribu kwa binadamu mwaka 2011. Hizo ni habari nyingine. Binti aliacha seli hai.

Akabaki na taka. Maji ya kusuuzia, ncha za pipeti, slaidi, mashapo ya kichupa cha kwanza: yote yana kadimiamu. Kwenye sinki hayaendi. Tanuri la kuchomea taka za hospitali nalo halifai, maana kadimiamu huchemka kwenye nyuzi 767 za selsiasi na tanuri lililo zuri hufika 850 na zaidi. Ukiitia humo inatoka na moshi na kuwaangukia walio jirani. Bajeti ya utafiti ilikuwa na fungu la nukta, fungu la kingamwili, fungu la nauli ya Iringa. Fungu la kuondoa taka halikuwemo, na si kwake tu. Nimeona bajeti nyingi za aina hii na sikumbuki kuliona.

Mzee alimtafutia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, wakajaza, wakalitia kwenye kopo kubwa zaidi, wakalifungia kabatini. Kwenye kibandiko alimwandikisha jina la kemikali, kiasi, tarehe, aina ya ganda la chembe, na namba yake ya simu.

"Kwa nini yangu, Mzee, na si ya maabara?"

"Maabara haijui kilichomo. Wewe unajua."